Tupeane uzoefu: vipeo na eksponenti za matriksi vilivyotutoa jasho

Ndugu wanajamvi, naomba tusimuliane makosa ambayo programu za takwimu ziliyapokea bila kutoa onyo lolote. Mimi nilikuwa na matriksi P ya mpito (jedwali ambalo kila safu ina uwezekano wa kuhama kutoka hali moja kwenda kila hali, jumla yake 1) ya mnyororo wa Markov wenye hali mbili: safu ya kwanza 0.9 na 0.1, ya pili 0.4 na 0.6. Nikitafuta uwezekano wa hatua mbili, niliandika P^2 katika programu ya R kama nilivyozoea katika MATLAB, nikapata 0.81 na 0.01, kisha 0.16 na 0.36. Kumbe alama hiyo, ambayo MATLAB huielewa kuwa ni matriksi kuzidishwa kwa matriksi, katika R hupandisha kila namba peke yake. Jibu la P %*% P, ambayo ndiyo kuzidisha matriksi kwa matriksi katika R, ni 0.85 na 0.15, kisha 0.60 na 0.40. Nilishtuka nilipojumlisha safu zangu na kupata 0.82 na 0.52 badala ya 1.

Mchangiaji wa pili

Yangu ni ya exp(). Nilikuwa na matriksi Q ya viwango vya mpito kati ya uzima, ugonjwa na kifo, nikaandika exp(Q*t). Kwa kuwa safu ya kifo ni sifuri tupu, na e kwa kipeo cha sifuri ni 1, marehemu wangu alipewa uwezekano wa 1 wa kuwa mzima, 1 wa kuwa mgonjwa na 1 wa kubaki marehemu! Nilichohitaji ni expm(), yaani eksponenti ya matriksi nzima wala si ya kila namba peke yake, iliyomo katika pakeji ya expm ya R. Wanaotumia Python wataipata katika scipy.linalg.

Mchangiaji wa tatu

Mimi niliona ufahari kujiandikia eksponenti hiyo kwa mfululizo wa Taylor, yaani 1 + x + x²/2 + x³/6 na kuendelea. Ulifanya kazi vizuri hadi viwango vilipokuwa vikubwa. Jaribuni namba moja tu, -30: vijumlishwa vyake hupanda hadi kuzidi bilioni 700 vikibadilishana ishara, ilhali jibu ni dogo kuliko 0.0000000000001, hivyo makosa ya kukadiria desimali hulimeza lote. Nikakimbilia njia ya thamani aigeni (kuivunja matriksi kwa kutumia vekta aigeni, yaani zile ambazo huzirefusha au kuzifupisha tu bila kuzitoa kwenye mstari wake), nayo ikakwama kwa matriksi yenye safu 0, 1 na 0, 0, ambayo haina vekta aigeni za kutosha. Wanahisabati Moler na Van Loan walipozichambua njia 19 za kukokotoa eksponenti ya matriksi mwaka 1978 waliziita zote za mashaka, ingawa ile ya kuigawa matriksi kwa 2, 4, 8 au kipeo kingine cha 2, kutumia makadirio ya Padé (uwiano wa polinomia mbili), kisha kuizidisha kwa yenyewe mara kwa mara, ndiyo inayotumika sana leo.

Mchangiaji wa nne

Kwa vipeo vya namba nzima, alama %^% ya pakeji hiyohiyo ya expm inatosha. Kipeo cha 100 huhitaji mazidisho 8 tu, si 99, kwa kuwa 100 ni 64, 32 na 4.

Mwanzisha mada

Nashukuru. Je, kuna aliyewahi kugeuza matriksi ya mwaka kuwa ya mwezi? Nilipotafuta logaritimu ya matriksi yangu ya hali nne kwa logm() (kinyume cha expm()) ili nipate viwango vya mpito, viwili nje ya mshazari mkuu vilitoka hasi, jambo lisilowezekana kwa viwango hivyo.