Mrejesho: Uchaguzi wa Kenya nikiwa Dodoma

Wakuu, niliwauliza nifuatilieje kura za nyumbani Kenya nikiwa huku Area C. Mlionielekeza kwenye tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, asanteni sana. Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo cha kura, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi. Nilifungua ya kituo cha kijijini kwetu, nikaona tarakimu za mkono na sahihi za mawakala. Raha iliyoje! Nilikesha nikijumlisha.

Agosti 15, 2022 Chebukati, mwenyekiti wa tume wakati huo, akatangaza matokeo ya urais: Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85. Nikatoka nje moyo ukidunda, nimpate wa kuongea naye. Mtaa mzima uko kwenye shughuli zake. Mama wa chapati akaniuliza, "Ngapi leo?" Iliniuma kweli. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipothibitisha ushindi wa Ruto Septemba 5, hamu ilishaniisha. 2027 nataka nipange foleni kijijini.