Tupeane uzoefu: Kwenu "Saba Saba" ni maandamano ya 1990 au roketi za 1979?

Wakuu, hamjambo. Mimi niko Nakuru, lakini mama alizaliwa Busia. Julai iliyopita redio ilikuwa inaongelea Saba Saba, ule mkutano wa Kamukunji, Nairobi, wa kudai vyama vingi Julai 7, 1990. Mama akaacha kuchambua managu, akasema, "Mimi hilo jina nalijua kwa roketi." Waganda waliliita hivyo lori la jeshi la Tanzania lililokuwa likirusha roketi kwenye vita vya kumng'oa Amin.

Alikuwa na miaka 11. Shangazi yake alikuwa ameolewa Masaka, mji ulioangukia mikononi mwa Watanzania Februari 1979. Shangazi alivuka mpaka na watoto wawili na sufuria moja. Kwa wiki kadhaa, upepo ukibamiza mlango wa bati, shangazi huyo anaingia chini ya kitanda, mtu mzima, na watoto nyuma yake. Alisema mvumo wa roketi ya pili ulikuwa unakuja kabla wa kwanza haujaisha.

Nani mwingine ana habari za kwao? Semeni, wazee wanatuishia.

Bungoma: Baba alikuwa anafuata ndizi Masaka miaka ya themanini. Alikuta kuta zimesimama bila paa, miti imeota sebuleni. Amin ilibidi aondoke, sibishi. Lakini mwenye ile nyumba hakuwa Amin.

Kisumu: Niliwahi kutengeneza malori ya Kirusi, kwa hivyo hili nimelisoma sana. Hiyo ni BM-21, wanaiita pia Grad, iliingia jeshi la Sovieti mwaka 1963, juu ya lori la Ural la magurudumu sita. Mgongoni ina mirija 40 ya milimita 122. Yote inafyatuka kwa sekunde 20 hivi, na roketi inafika karibu kilomita 20. Ikishamaliza, dereva anaondoka mbio, kwa sababu moshi na vumbi vinaonyesha alipokuwa. Hailengi nyumba moja, inafagia eneo zima. Ndiyo maana raia wanaumia hivi ikielekezwa mjini.

Kakamega: Nilikuwa mwanafunzi Kharkiv, Ukraine, vita vilipoanza Februari 24, 2022. Tulilala siku sita kwenye kituo cha treni cha chini ya ardhi, sakafu baridi, mkoba ndio mto. Mwenye nyumba wetu, mama wa makamo, alitufundisha kusikiliza. Mlipuko mmoja mzito, huo ni mzinga. Ikisikika mfululizo kama gunia la mahindi linamwagwa juu ya mabati, hiyo ni Grad, usithubutu kutoka. Nimerudi nyumbani, na msimu wa kupukuchua mahindi bado natoka uani nikae mbali.

Nandi Hills: Pole sana ndugu yangu. Grad kwa Kirusi ni mvua ya mawe. Sisi wa majani chai hatuhitaji kufafanuliwa: dakika kumi tu, shamba zima liko chini.

Bungoma: Wa Nakuru, yule shangazi alirudi?

Nakuru: Nimemuuliza mama sasa hivi. Alirudi 1981 na mtoto mmoja, yule mwingine akabaki kusoma Busia, ndiye mjomba tunayemwendea kila Krismasi. Sufuria aliiacha kwa nyanya. Mama anasema alikuwa hataki kuiona.