Toleo gani la Tetris linafaa mashindano ya vijana hapa Lamu?

Kijana wa Langoni
Assalamu alaykum. Tunakusudia kuandaa mashindano ya Tetris, ule mchezo wa video wa kupanga vipande vinavyoshuka ili mistari ijae na kufutika, baada ya Idi, lakini tumegawanyika kuhusu toleo. Wako wanaotaka la kampuni ya Nintendo la mwaka 1989, wako wanaotaka la kampuni ya Tengen la mwaka huo huo, na wadogo zetu wanapendelea matoleo mapya ya kompyuta. Tunazo runinga mbili na mashine mbili. Ni toleo gani litakalompa ushindi anayestahiki?

Mkaazi wa Mkomani
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Chagueni la Nintendo, ambalo ndilo lililotumika katika mashindano ya dunia ya Tetris ya kale tangu yalipoanzishwa Marekani mwaka 2010. Katika ngazi ya sifuri, yaani ya mwanzo, kufuta mstari mmoja huleta alama 40, ilhali kufuta minne kwa pamoja huleta 1200. Kwa hivyo mchezaji hulazimika kuacha nafasi pembeni na kukingojea kipande kirefu kinachofuta mistari minne, ambacho huenda kikachelewa mno, huku rundo likizidi kupanda. Hapo ndipo hujulikana nani ana subira na nani ana pupa.

Msichana wa Shela
Kwa heshima, kaka, nakupinga. Toleo hilo halina sehemu ya watu wawili. Kila mmoja hucheza peke yake, kisha alama zikalinganishwa. La Tengen huwaweka wapinzani wawili katika skrini moja, na watazamaji huwafuata wote kwa pamoja. Taabu ni kulipata, kwani Nintendo ilikwenda mahakamani na Tengen ikalazimika kuliondoa sokoni mwaka ule ule wa 1989.

Mchezaji wa Malindi
Mimi nawaunga mkono wadogo zenu. Katika matoleo mapya, aina zote saba za vipande hutolewa kabla ya duru nyingine kuanza, mchezaji huona vipande kadhaa vinavyofuata, na huweza kukiweka kimoja akiba. Mistari anayoifuta humpandishia mpinzani rundo lake. Bahati hupungua sana, na hiyo kwangu ndiyo haki. Ila msikubali simu. Wote watumie padi za kuchezea za aina moja.

Mkaazi wa Mkomani
Hoja ya bahati ni nzito, ndugu wa Malindi, na dawa yake ni kuwachezesha wapinzani raundi tatu badala ya moja. Bado nasimama na Nintendo. Lakini kijana wa Langoni, angalia jambo hili mapema: kaseti za mchezo za Marekani hutumia picha 60 kwa sekunde na kasi ya mwisho ya vipande kushuka huanza ngazi ya 29, ilhali za Ulaya hutumia picha 50 na kasi hiyo huanza ngazi ya 19. Alama za mfumo mmoja hazilinganishwi na za mwingine, na huku kwetu zote mbili hupatikana, kwa hivyo zikagueni mashine na kaseti zenu kabla ya kuandikisha wachezaji.