Kila nikiitwa ni mlinzi au mzee mkorofi. Nigome mpaka nipewe usteringi?

Sura ya Kazi: Wakuu, habari zenu. Nimetoka kwenye maigizo ya jukwaani, sasa napata kazi za tamthilia na filamu. Sura yangu ya kazi, sauti nzito, basi ni mlinzi, jambazi, baba mkali. Naongea maneno matatu, napigwa risasi, narudi nyumbani. Juzi nimeletewa tena mzee mkorofi. Mwenzangu anasema nikatae, watu wameshanikariri. Mnasemaje?

Mzee wa Seti: Usikatae mkuu. Steringi anafungwa na filamu moja miezi. Wewe unapiga siku mbili huku, tatu kule, na filamu ikibuma lawama si zako. J.K. Simmons, mwigizaji wa Marekani, alisota jukwaani na kwenye nafasi ndogondogo, tuzo ya Oscar akaibeba 2015 ana miaka 60, tena ya mwigizaji msaidizi. Walter Brennan, wa zamani hukohuko, alizibeba tatu za aina hiyo, kwa filamu za 1936, 1938 na 1940.

Bi Pazia: Hao ni wachache kaka, usimjaze upepo. Kukaririwa kupo kweli, maana kamera inakupima kwa sura kwanza. Chukua huyo mzee, ila jukwaa usiliache. Kule wa miaka 30 anacheza babu wa 80 na watu wanaamini. Omba nafasi ya mpole au mchekeshaji, kisha waalike waongozaji waje waone.

Mkata Picha: Mimi nahariri. Watu wa jukwaani wananitesa kwa jambo moja: kwenye picha ya mbali umeinua kikombe ukisema "hapana", ya karibu unakiinua ukishamaliza sentensi. Haziungi! Nalazimika kubaki na uso wa steringi, wewe unasikika sauti tu. Kariri mkono wako uko wapi kwa kila neno. Na sauti punguza, maikrofoni ipo kifuani.

Sura ya Kazi: Hiyo ya kikombe imenigusa 😅 Namchukua mzee. Malipo wanasema ni kwa siku, niangalie nini?

Mzee wa Seti: Mkataba useme siku ngapi, saa ngapi kwa siku, na mkivuka usiku inakuwaje. Siku ya kuitwa halafu usipigwe picha nayo iandikwe kabisa.

Bi Pazia: Na ya kujaribu mavazi. Hiyo wanapenda kuiita "pitia mara moja tu".