Mnara wa taa wa Split Rock walijengaje pale juu?

mtoto_wa_kirumba: Wakuu salama? Nimeona picha za mnara wa taa wa Split Rock huko Marekani, ziwa Superior, umekaa ukingoni mwa jabali kabisa. Lile si ni ziwa tu, mnara wa nini? Na matofali walipandishaje?

nahodha_mstaafu: Kijana usiseme ziwa tu, wewe si uko Mwanza, huoni letu likichafuka? Novemba 1905 dhoruba ilivunja meli nyingi kule, wenye meli wakaibana serikali, 1907 bunge likatoa hela na taa ikawashwa 31 Julai 1910. Halafu dira za manahodha zilikuwa zinayumba sababu ya madini ya chuma kwenye miamba ya pale, hiyo ndo hatari hasa, usiku na ukungu unadhani uko mbali na mwamba kumbe unaufuata.

fundi_igoma: Barabara haikuwepo, ilifika 1924. Kwahiyo kila kitu kilikuja kwa maji, wakafunga winchi ya mvuke juu ya jabali la karibu mita 40 wakawa wanavuta mzigo kutoka melini. Mafundi wale nawaheshimu sana. Lenzi ya Fresnel, yaani lile lioo la kukusanya mwanga wa taa, ilitengenezwa Paris, ilikuwa inaelea kwenye zebaki ndo maana dude zito vile lilizunguka kilaini, mwanga ulikuwa unapiga kila sekunde 10.

mtoto_wa_kirumba: Shikamoo wazee. Umeme walitoa wapi sasa?

nahodha_mstaafu: Marahaba. Hawakuwa nao mpaka 1940. Ilikuwa mafuta ya taa, yanapigwa pampu yanageuka mvuke ndo yanawaka, karabai ileile ya wavuvi wetu wa dagaa. Walikuja kuizima 1969.