Altezza RS200 iko Tabora, tairi zimekwisha: nibaki 215/45R17 au nibadili saizi?

Mnyanyembe17:

Wakuu, habari za majukumu.

Gari ni Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono, iko Tabora mjini. Rimu ni za kiwandani: 17, upana inchi 7, ofseti 50 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari). Tairi zilizopo ni 215/45R17 87W (87 ni daraja la mzigo, W la mwendo). Za mbele zimelika ukingo wa ndani hadi waya unachungulia, ilhali katikati kashata (mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara) bado ipo. Ya nyuma kushoto imeota nundu ubavuni, kama nusu limau. Nabadili zote nne.

Matumizi: mjini kila siku, Nzega mara mbili kwa mwezi, na wikendi vumbi la Uyui kama kilomita 20, lenye rasta (mawimbi madogo ya barabara). Gari haijashushwa.

Nilichokikuta madukani:

- 215/50R17, muuzaji anasema "inaingia tu hiyo"
- 225/45R17, kuna 91W na 94W XL (XL ni iliyoimarishwa kubeba mzigo zaidi)
- rimu 18 za mtumba zikiwa na 235/40R18
- 205/55R16 zimejaa, ila sina rimu za 16

215/45R17 yenyewe ni ya kuagiza Dar au Mwanza.

Nataka gari ishike kona na isivunjike kwenye mashimo. Najua hivyo viwili vinagombana, ndiyo maana nimekuja kwenu. Na je, nyuma nikiweka pana kuliko mbele?

Fundi_Futikamba:

Mkuu, kabla ya kununua chochote piga hesabu ya kimo cha tairi nzima. Upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, jumlisha rimu (inchi moja ni milimita 25.4). Yako: 215 × 0.45 = 96.75. Mara mbili ni 193.5. Rimu 17 ni 431.8. Jumla milimita 625.3. Hiyo ndiyo namba ambayo spidomita, gia na ABS vya gari yako vinaijua.

Sasa linganisha:

225/45R17 = 634.3, imezidi asilimia 1.4
205/55R16 = 631.9, imezidi asilimia 1.1
235/40R18 = 645.2, imezidi asilimia 3.2
215/50R17 = 646.8, imezidi asilimia 3.4

Mimi mstari wangu ni asilimia 2. Ukifika asilimia 3, kama hizo mbili za chini, mshale ukisoma 100 wewe uko 103 na zaidi, gia zinakuwa ndefu (na injini yako ya 3S-GE chini ya mizunguko 4,000 haina haraka na mtu), na tairi inasogelea madigadi kwa sentimita moja nzima kila upande. Ikiwa tupu itapita. Weka watu watatu nyuma, piga tuta huku umekunja usukani, utaisikia.

Kwa hiyo 215/50 na 235/40 futa. Zimebaki mbili.

Spoti_Isevya:

Altezza bila 18 ni teksi. Weka 18 mkuu.

Fundi_Futikamba:

@Spoti_Isevya kwa picha ya harusi sawa. Ila kama mtu anaitaka 18 kwa dhati, saizi yake ni 225/40R18 (637.2, asilimia 1.9) au 215/40R18 (629.2), siyo 235/40. Na ubavu unashuka hadi milimita 90 kwa ile ya kwanza, 86 kwa ya pili. Yeye sasa ana 97 na bado imeota nundu.

Mama_Rimu:

Hapo kwenye ubavu ndipo pa kukaa, maana jibu la Tabora liko hapo.

Nundu haitoki ndani ya mpira. Tairi ikigonga ukingo wa shimo, ubavu unabanwa kati ya lami na mdomo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika, upepo unasukuma mpira nje. Hakuna kiraka cha hilo. Ukiona fundi anakushauri uweke tyubu ndani ya tairi ya tubulesi yenye nundu, ondoka: tyubu inasuguana na tairi, joto linapanda, na ikipasuka upepo unatoka wote kwa mkupuo badala ya kuvuja polepole.

Ubavu wa kila moja: 215/45R17 ni milimita 97, 225/45R17 ni 101, 205/55R16 ni 113. Yaani ukienda 225 unaongeza milimita nne na nusu tu, ukienda 16 unaongeza 16. Kwa mtu wa vumbi la Uyui na matuta ya mjini, 16 milimita ni dunia nyingine. Kona utapoteza kidogo, maana ubavu mrefu unalala kabla tairi haijang'ata, usukani utauhisi mzito wa kujibu. Lakini siyo kwamba umeweka tairi ya bajaji. Kuna Altezza zilizotoka Japani na 205/55R16 hiyo hiyo.

Angalizo moja: breki za mbele. Usinunue rimu 16 kwa kuangalia namba pekee. Omba moja, ifunge mbele bila tairi, kaza nati tatu, izungushe kwa mkono. Kati ya rimu na kalipa (chuma kinachobana pedi za breki) ipite nafasi ya milimita 3 au zaidi. Ikikwaruza, usikubali kuongezewa spesa (bamba la kuisukuma rimu nje) ili ipite, tafuta rimu ya umbo jingine.

Ofseti50:

Naongezea kwa rimu za mtumba, maana hapo ndipo watu wanapigwa.

Altezza ni matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 114.3. Tundu la katikati ni milimita 60.1. Rimu nyingi za spoti zisizo za kiwandani zina 73.1 ili ziingie magari mengi. Ukiifunga hivyo inashikiliwa na nati tu, ikikaa pembeni hata nusu milimita usukani unatetemeka kuanzia 80, na balansi itapigwa hata mara kumi bila kupona. Dawa ni ringi ya plastiki au alumini ya 73.1 kwa 60.1 kwenye kila habu.

Ofseti: mfano mtu anakuletea 17 × 8 yenye ofseti 35. Upana umeongezeka inchi moja, nusu yake ni milimita 12.7. Ofseti imepungua 15. Upande wa nje rimu inatoka 12.7 + 15 = karibu milimita 28. Ndani inajivuta 2 tu. Hiyo 28 inapiga madigadi na inazipa beringi za habu mzigo ambao hazikuupanga. Kwa 16, tafuta upana 6.5 au 7, ofseti 45 hadi 50.

Kuhusu nyuma pana: tairi kama 245/40R17 inataka rimu ya inchi 8 kwenda juu. Kwenye 7 yako mabega yake yanabinuka, katikati ndiyo inakanyaga, inalika kipara cha mstari. Hata ukipata rimu, nyuma ikishika kuliko mbele gari inakataa kukunja: unazungusha usukani, pua inakwenda moja kwa moja. Na huwezi tena kubadilishana mbele na nyuma, kwa hiyo za nyuma zinakwisha peke yake. Saizi moja kote nne.

225/45R17 kwenye rimu ya 7 inaruhusiwa, ila ni mwisho wa chini kabisa (tairi hiyo inataka rimu ya inchi 7 hadi 8.5). Itakaa imevimba kidogo, jambo ambalo angalau linalinda mdomo wa rimu kwenye kingo za mitaro.

Mnyanyembe17:

Asanteni sana. Naona kama napelekwa kwenye 16, ingawa moyo bado uko 17 😅

Maswali: (1) 205/55R16 niliyoiona ni 91V, na yangu ya zamani ni W. Nashuka? (2) Nikiamua 225/45R17, nichukue 91 au 94 XL? (3) Mvua za Novemba zikianza, pana si ndiyo bora?

Mama_Rimu:

(1) V ni kilomita 240 kwa saa, W ni 270. Barabara ya Nzega haina mahali pa hata ya kwanza. Angalia ile namba 91: ni kilo 615 kwa tairi. Yako ya 87 ni kilo 545. Umepanda. Usikubali T au H kwa bei poa, siyo kwa sababu ya mwendo, ni kwa sababu mwendo unazaa joto, na tairi ya daraja la juu inajengwa kulihimili. Oktoba ya Tabora, lami ya saa nane mchana, gari imejaa: hapo joto ndilo adui.

(2) 94 XL, kwa mashimo. Ubavu wake ni mgumu zaidi. Ila XL ina sharti: inabeba kilo zake 670 ikiwa na psi 42, wakati ya kawaida inafikia kilo zake kwa 36. Maana yake ukiijaza upepo ule ule wa stika haifikii kilo hizo. Ongeza psi 2 au 3 juu ya stika.

Stika iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi imeandikwa kwa kilopaskali: 220 ni psi 32, 230 ni 33. Pima asubuhi kabla gari haijatembea. Ukifika Nzega utakuta imepanda psi 4 au 5. Iache, usitoe upepo wa moto.

(3) Hapana. Kwenye maji yaliyotuama pana inaelea mapema kuliko nyembamba, maana ina maji mengi ya kusukuma pembeni. Kinachokuokoa ni kina cha mifereji. Alama ndogo ndani ya mfereji ni milimita 1.6, ndiyo mwisho wa tairi. Kwa mvua mimi naihesabu imekwisha ikifika 3.

Kamba_na_Futi:

Wote mmeruka jambo la kwanza alilosema: za mbele zimelika ndani. Akifunga mpya leo bila kugusa hilo, atarudi hapa kabla ya mwaka kuulizia saizi tena.

Kulika ndani huku katikati pazima siyo upepo. Upepo mdogo unakula kingo zote mbili, mwingi unakula katikati. Ndani peke yake ni tairi zinazotazama nje, au zimelala (juu zimeingia ndani), au bushi za mkono wa chini zimekufa na gari ikitembea zinajivuta zenyewe. Altezza na ndugu yake Lexus IS wana sifa hiyo.

Kabla hujalipia alaimenti jipime mwenyewe. Egesha pa tambarare, usukani umenyooka. Nyuma ya kila tairi ya mbele, usawa wa katikati ya rimu, weka alama ya chaki katikati ya kashata. Pima kwa futikamba kutoka chaki hadi chaki. Sukuma gari mbele hadi chaki zile zile zije upande wa mbele kwa kimo kile kile. Pima tena. Kipimo cha mbele kikizidi cha nyuma, tairi zinatazama nje. Tofauti ikizidi milimita 2, umeshamjua mwizi wako.

Halafu inua gari, weka mtaimbo kati ya mkono wa chini na fremu, sukuma polepole. Mpira wa bushi ukifunguka mpasuko au mkono ukicheza, bushi kwanza, alaimenti baadaye. Ukifanya kinyume chake unalipa mara mbili, maana vipimo havikai.

Na hizo zenye waya nje usiende nazo Nzega hata mara moja.

Ofseti50:

@Kamba_na_Futi umenena.

Dukani sasa. Soma tarehe: duara dogo mwisho wa maandishi ya DOT, tarakimu nne. 3525 ni wiki ya 35 ya mwaka 2025. Iko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo igeuze. Zote nne ziachane kwa miezi, siyo miaka. Ikishapita miaka mitano hata kama ina vinyweleo vyake, mwachie. Kuna namba ya TREADWEAR pia (uimara dhidi ya kulika): 200 ni laini, inang'ata kona lakini changarawe ya Uyui itaimega vipande. Kwa matumizi yako 300 hadi 400.

Kufunga: dai mashine, siyo mtaimbo, rimu ya alumini inapasuka mdomo. Fundi asugue mdomo wa rimu kwa brashi ya waya mpaka kutu na gundi ya zamani viishe, apake sabuni, aweke valvu mpya. Tairi ikikaa utasikia mlio, pa, halafu pa ya pili. Kama haijakaa na geji imefika 40, aache, atoe upepo, apake sabuni upya. Kulazimisha zaidi ya hapo kumewavunja watu mikono. Yenye mshale izunguke kuufuata, yenye neno OUTSIDE neno liwe nje.

Fundi_Futikamba:

La mwisho ni spea, maana ukienda 16 au 225 spea yako inabaki ya zamani. RS200 nyingi zina difu ya nyuma ya LSD, inayozuia tairi moja kuzunguka bure. Spea yenye kimo tofauti ikikaa nyuma, difu inafanya kazi kila mzunguko hadi inapika oili yake. Pancha ikiwa ya nyuma, hamisha moja ya mbele iende nyuma, spea ikae mbele, usizidi 80.

Kura yangu: 205/55R16 91V kama kalipa inapita. Isipopita, 225/45R17 94W XL kwenye rimu zako. Nati ni M12 uzi wa 1.5, kaza kwa mtindo wa nyota, Nm 103, gari ikiwa imegusa chini. Ukifika Nzega mara ya kwanza, subiri rimu zipoe, kaza tena.