Ngomeni na Mji wa Kale kwa siku moja na nusu: tuanzie wapi?

Msafiri_wa_Nakuru:
Wenyeji wa Mombasa, hamjambo? Tunashuka na treni ya SGR Ijumaa mchana: mimi, mama yangu ambaye magoti yanamsumbua, na watoto wawili wa shule ya msingi. Jumapili asubuhi tunaendelea Malindi. Tunachotaka ni mji wenyewe, yaani ngome (Fort Jesus), Mji wa Kale, leso na chakula. Tupangeje ili mama asichoke na tusikute milango imefungwa? Na je, ni lazima tuchukue mtu wa kutuongoza?

Mkaazi_Kibokoni:
Karibuni sana. Ijumaa hiyo Mji wa Kale uacheni. Kuanzia saa sita hivi watu wanajitayarisha kwa sala ya Ijumaa, maduka mengi yanafungwa, na hadi mtoke stesheni ya Miritini mfike mjini, mtue mizigo mpumzike, jioni imeshaingia. Nendeni Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari. Ni tambarare, pana mahali pa mama kukaa na mibuyu mikubwa ya kuwapa kivuli, na meli za bandari ya Kilindini zinapita karibu kiasi cha watoto kusoma majina yake. Hapo ndipo pa mihogo yenye pilipili na ndimu, na madafu. Mkitaka ya kunywa tu, mwambieni muuzaji awachagulie changa. Asipoambiwa anaweza kuwapa lililokaribia koroma, lenye nyama ngumu na maji machache.

Jumamosi saa mbili asubuhi muwe Ngomeni, ndiyo saa ya kufungua. Ua wa ndani hauna kivuli cha maana, na kuanzia saa tano mawe yanarudisha joto. Bebeni vitambulisho, kwa sababu raia halipi sawa na mgeni, na hakikisheni simu ina chaji na pesa, maana malipo ni ya eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Njia ya kuingilia inapanda, basi mama aiende polepole. Akishafika ndani anaweza kuona mengi bila kupanda ngazi, jumba la makumbusho likiwemo. Hapo muangalie vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama 1697 mbele ya ngome, ilipokuja kuwaokoa wenzao waliozingirwa na Waomani. Mzingiro ulianza 1696 na ngome ikaanguka 1698. Mkiyajua hayo kabla, vile vyungu na vyuma vinasema kitu. Watoto watapenda mizinga na mifupa ya nyangumi. Msiikose pia michoro ya mabaharia wa Kireno ukutani, meli na watu, waliyoichora wenyewe wakiwa zamu.

Wengi hutoka baada ya nusu saa wakisema "ni kuta tu". Tengeni saa mbili. Ujenzi ulianza 1593 kwa ramani ya Mtaliano Cairati, na mpango wake ni kama mtu aliyelala chali. Ukisimama juu ya buruji moja, yaani pembe ya ngome iliyotokeza nje, utaona jinsi kila pembe inavyoilinda nyingine. Tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa jela, na hilo pia lisipitwe.

Fundi_Milango:
Niongezee kuhusu mji. Kutoka Ngomeni ingieni Barabara ya Mbarak Hinawy, mpite Msikiti wa Mandhry wenye mnara wa kuchongoka (unatajwa kuwa wa 1570), mfike uwanja wa Bandari ya Kale, kisha mrudi na Ndia Kuu. Mzunguko ni mfupi, lakini vichochoro vina mawe yasiyo sawa, kwa hivyo viatu vya kufunga. Bandarini msipige picha, ni marufuku. Watu waombeni kwanza. Magoti na mabega yafunikwe, na msikitini mtu asiingie bila kukaribishwa.

Milango isomeni kuanzia juu. Kizingiti cha juu ndicho kilichochongwa zaidi, na mingine ina maandishi ya Kiarabu. Kisha angalieni mfaa, ule mti wa katikati unaoshikana na ubao mmoja. Mwisho tazameni chini: huko ndiko mlango unakoanza kufa, kwa sababu chumvi na unyevu hupanda kutoka ardhini na kuozesha mguu wa fremu. Mkiona mlango wa chuma katikati ya nyumba ya roshani, mara nyingi ndiyo sababu. Inauma kuona, kwa kuwa mguu peke yake ungeweza kukatwa na kuungwa mbao mpya, na kazi ya juu ikabaki.

Mtu wa kuwaongoza si lazima, ila kwa watoto anasaidia. Kubalianeni kabla ya hatua ya kwanza mambo matatu: bei ni ya kundi au ya kila mtu, ni ngome tu au na mji, na ni muda gani. Ugomvi wa mwisho wa safari karibu wote hutoka hapo. Mwombeni pia awaonyeshe kitambulisho chake cha kazi.

Msafiri_wa_Nakuru:
Ahsanteni mno. Watoto wanauliza kama wanaweza kuogelea pale chini ya ngome.

Bamvua:
La, ndugu yangu. Pale ni mlango wa bahari: mkondo una nguvu, kuna majabali na vyombo vinapita. Wapelekeni Nyali au ufuo wa umma wa Bamburi, lakini muulize maji kwanza. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa: hujaa karibu saa kumi alasiri na hukauka karibu saa nne asubuhi. Kila siku saa hizo huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Maji yakikauka mtatembea mbali na msipate pa kuogelea, na kwenye miamba kuna wanyama wadogo wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, basi viatu miguuni.

Duka_la_Leso:
Leso ni Mtaa wa Biashara, na Jumamosi asubuhi ndiyo nzuri. Huuzwa pande mbili zikiwa hazijakatwa, kwa hivyo ulizeni kama bei ni ya doti nzima, yaani pande zote mbili. Ifungueni yote muone pindo limekaa sawa pande zote nne, jina (yale maneno yaliyoandikwa) halikukatika, na rangi imepenya nyuma. Ikifikichwa na kutoa unga, uzito wake ni wanga tu; ikifuliwa italegea. Kukata na kupiga pindo mafundi wapo hapo hapo, mnasubiri. Fuo la kwanza ni peke yake, maji baridi na chumvi kidogo.

Viungo nunueni soko la Marikiti, vikiwa vizima. Mdalasini na bizari ya kusagwa huwezi kujua kimechanganywa nini.

Mkaazi_Kibokoni:
Halafu Jumamosi msinywe chai hotelini. Mahamri na mbaazi za nazi huisha mapema, saa tatu ni bahati. Kuleni kabla ya ngome. Viazi karai na mishkaki ni vya baada ya magharibi, na kama safari yenu itaangukia Ramadhani, vyakula hivi mchana hamtavipata. Pangeni kila kitu baada ya futari.